Lumbesa ya Mguu wa Kushoto

Saa moja asubuhi upepo wa Makambako ulikuwa unapiga mabati, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Mume wangu alikuwa barazani kwenye benchi lake, amevaa koti zito na kofia ya sufu.

"Mama Jenifa!"

"Abee."

"Redio iko mbali."

Nikatoka, nikamsogezea redio. Nikarudi jikoni.

"Mama Jenifa!"

"Nini tena?"

"Maji ya kunawa."

Nikampelekea beseni na sabuni. Niliporudi, uji ulikuwa umeanza kushika chini ya sufuria.

"Mama Jenifa! Mbona uji unanukia moto?"

Naitwa Emilia. Mume wangu ni Nathanieli Mwalongo. Tumeoana mwaka wa thelathini na nne huu. Ni mzee wa kanisa, hanywi pombe, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini asubuhi ile nilisimama na mwiko mkononi nikajiambia, huyu mtu namrudisha kwa mama yake. Kisha nikakumbuka kwamba mama yake tulimzika zamani, kwa hiyo hata pa kumrudisha hapakuwa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi lile miezi mitano. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa na sababu. Miwili ya mwisho hakuwa nayo, na hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia.

Acha nieleze alivyoumia.

Sisi ni wakulima wa viazi. Nyumba yetu iko Makambako, lakini shamba letu kubwa liko Nyombo, kwenye mteremko. Wakati wa mavuno wanunuzi wanakuja na malori. Na Nathanieli ana jambo moja ambalo hawezi kulivumilia maishani mwake. Jambo hilo ni lumbesa.

Kila mkulima wa kwetu anaijua lumbesa. Gunia limeshajaa, lakini vijana wa mnunuzi wanazidi kupanga viazi juu. Wanazungushia kamba, wanashona, gunia linaota kichwa. Mkulima analipwa gunia moja, kumbe ametoa gunia na zaidi. Ndiyo maana Nathanieli huenda shambani na mizani yake, ile ya kuning'iniza. "Tupime kwa kilo," huwaambia. "Macho yanadanganya. Mizani haina ndugu."

Basi mwezi wa nne aliona gunia lenye kichwa likiwa tayari juu ya lori. Mtu mwingine angesimama chini akalalamika. Yeye alipanda. Alilishika gunia akalivuta. Gunia likaporomoka, na yeye akaporomoka nalo. Mfupa wa muundi wa kulia ukavunjika.

Hospitalini Njombe walimfunga plasta ngumu, ile tunayoiita hogo. Alikaa nayo wiki kumi na mbili. Mwezi wa saba tulirudi Njombe, wakaikata, wakampiga picha ya eksirei. Daktari aliishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, mfupa umeunga vizuri," alisema. "Sasa anza kukanyaga, kidogo kidogo. Leo hii pita idara ya mazoezi ya viungo, watakuonyesha."

"Ndiyo, daktari. Asante sana, daktari," Nathanieli alijibu kwa heshima zote.

Tulipotoka nje nikamwuliza, "Idara ya mazoezi ni upande gani?"

"Mazoezi ni ya wacheza mpira," akasema. "Twende stendi."

Na kweli tukaenda stendi. Nilibishana naye mpaka gari likaondoka, lakini nilikuwa nabishana na ukuta.

Tulipofika nyumbani alikunja suruali akautazama ule mguu. Ulikuwa umekonda. Ngozi ilikuwa kavu, na nyama za nyuma ya muundi zilikuwa zimelegea. "Mguu huu ukibeba mtu unakatika," alisema. Tangu siku hiyo alitembea kwa magongo mawili. Mguu wa kushoto ulikanyaga. Wa kulia aliubeba hewani, au aliugusisha chini ncha ya kidole tu.

Watu walikuja kutupa pole, na kila mmoja alikuja na ushauri wake. Mzee Methodi, jirani yetu na mzee mwenzake wa kanisa, ndiye aliyeniharibia kabisa.

"Usiukanyage kwanza," alimwambia. "Baridi ya mwezi wa saba imeingia kwenye mfupa. Ukiukanyaga sasa utapasuka. Subiri jua la mwezi wa kumi."

"Umesikia?" Nathanieli akaniuliza.

"Nimesikia," nikajibu. "Na daktari nilimsikia pia."

"Daktari hajakaa Makambako. Haijui baridi yetu."

Akina mama wa kanisa walikuja na mahindi na maharage, Mungu awabariki, nao walisema usiukanyage. Dereva aliyetuleta kutoka stendi alisema usiukanyage. Nathanieli aliwasikiliza watu wote isipokuwa yule mmoja aliyeiona picha ya mfupa.

Mwezi wa tisa goti la kushoto likaanza kuuma. Ule mguu mzima! Lilivimba, likawa linamsumbua kila akisimama. Alilizungushia skafu yangu ya sufu na kulipaka dawa ya kuchua mpaka nyumba nzima ikanuka. Halikupoa.

Jioni moja tulikuwa tunakula. Aliweka tonge chini akasema, "Mama Jenifa, shamba la Nyombo tulikodishe."

"Tulikodishe kwa nani?"

"Kwa yeyote. Mimi kwenye mteremko ule sitasimama tena. Mguu mmoja umekufa, na mwingine unafuata."

Shamba lile tulilifyeka wenyewe, Jenifa akiwa mgongoni kwangu. Limesomesha watoto na kujenga nyumba. Halafu mtu aliyeambiwa na daktari kwamba mfupa wake umeunga anataka kuliachia kwa sababu ya maneno ya Methodi na baridi yake. Niliumia, na niliposhindwa kulia nikakasirika. Kupanda kulikuwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa na miezi miwili na siku chache.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda bombani. Nikamkuta Letisia akichota maji. Ni binti aliyepanga nyumba ya jirani. Anafanya kazi hospitalini Njombe, na siku za mwisho wa wiki huwa nyumbani.

"Kamwene, mama," akanisalimia. "Baba anaendeleaje?"

Sijui nini kilinipata. Niliweka ndoo chini nikamweleza kila kitu, na sauti yangu ilikuwa inapanda. Watu wa bombani wote walisikia. Nilipomaliza, Letisia aliniuliza swali moja tu.

"Mama, unajua mimi nafanya kazi idara gani?"

"Sijui. Si ni nesi?"

"Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ndiyo hiyo idara ya mazoezi ambayo baba aliikwepa."

Nilitaka kucheka na kumkumbatia pale pale. Miezi miwili nilikuwa naugulia moyoni, kumbe dawa ilikuwa inachota maji nami bomba moja.

Alikuja mchana ule. Nathanieli alimtazama toka juu mpaka chini.

"Binti, una umri gani?"

"Ishirini na nane, baba."

"Jenifa wangu anakuzidi."

"Basi nichukue mimi kama mdogo wake," Letisia akasema, akachuchumaa kuangalia miguu.

Kwanza aliomba karatasi ya hospitali. Aliisoma polepole. "Hapa daktari ameruhusu ukanyage mpaka uzito wote, kadiri unavyoweza," alisema. "Bila karatasi hii nisingekugusa. Kuna mivunjiko ambayo mtu haruhusiwi kukanyaga mapema. Anayeruhusu ni daktari aliyeona eksirei."

Aliushika muundi, akaubonyeza pale palipovunjika. Haukuuma. Kisha akashika goti la kushoto, Nathanieli akakunja uso.

"Mguu wa kulia umepona lakini hauna kazi," Letisia alisema. "Mguu usio na kazi unakonda. Na mfupa nao ni hivyo hivyo. Ukibebeshwa uzito kidogo kidogo unakuwa imara. Ukiachwa bila mzigo unadhoofika."

"Na baridi je?" Nathanieli akauliza.

"Baridi inaweza kukufanya uhisi mguu umekakamaa. Jifunike, vaa soksi. Lakini baridi haipasui mfupa, baba."

"Methodi anasema..."

"Methodi ana eksirei?" nikadakia.

Letisia akaendelea bila kucheka. "Goti hili la kushoto haliumwi baridi. Limechoka. Miezi mitano linafanya kazi ya miguu miwili. Tusipoligawia kazi lile la kulia, utakosa miguu yote."

Neno hilo lilimwingia.

Ndipo Letisia akamfundisha Nathanieli zoezi. Tulivuta meza nzito mbele yake, tukaweka kiti nyuma yake ili akichoka akae. Mimi nilisimama ubavuni. Letisia alimweleza taratibu.

"Simama wima, miguu yote chini, nyayo nzima. Itanue kwa upana wa mabega. Mikono iguse meza kidogo, usiiegemee. Sasa hamisha uzito wako polepole uende mguu wa kulia. Kiuno ndicho kinachosogea. Mguu wa kushoto usinyanyuke. Kaa hapo, hesabu mpaka tano. Rudi kati. Nenda kushoto. Rudi kati. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni."

"Basi?" Nathanieli akauliza. "Hilo ndilo zoezi? Hata mtoto anaweza."

"Ndilo hilo, baba. Kuvuta vuta kwenye misuli na uchovu ni kawaida. Maumivu makali kama kisu, mguu kuvimba, kuwa mwekundu au wa moto, hapo acha, twende hospitali."

Alirudi Jumamosi ya pili yake. "Baba, unafanya?"

"Nafanya. Mara tatu kwa siku. Mwulize mama."

Kweli alikuwa anafanya, nilimwona mwenyewe. Lakini nilikuwa naona kitu kingine pia. Alikuwa anapeleka kichwa kulia. Anapeleka bega kulia. Kiuno chake kilikuwa kimebaki kushoto pale pale, na mikono imeng'ang'ania meza.

"Baba Jenifa," nilimwambia katikati ya wiki, "hujahamia."

"Nimehamia."

"Umeinamisha shingo tu."

"Mama Jenifa, mguu ni wangu au wako? Nakwambia uzito wote nimeuweka kulia!"

"Wote?"

"Wote!"

Wiki mbili zikapita, hakuna kilichobadilika. Magongo mawili, goti limevimba, redio iko mbali. Nilikuwa nimefika hapa kooni. Jumamosi ya tatu Letisia alimtazama akifanya, akamwambia vile vile: hujahamia. Nathanieli akapandisha hasira.

"Nyie wanawake wawili mmekaa kunisingizia! Mimi ndiye niliye ndani ya mwili huu. Nausikia uzito uko kulia!"

Letisia naye alikuwa amechoka, nilimwona akivuta pumzi. Kisha akauliza kwa upole, "Baba, gunia la viazi, unajuaje uzito wake?"

"Kwa mizani."

"Ukiangalia kwa macho je?"

"Macho yanadanganya."

"Na mchukuzi akikwambia, mzee niamini, mimi ndiye niliyelibeba, nimesikia uzito wake mgongoni?"

Nathanieli akakaa kwenye kile kiti cha nyuma yake.

"Niletee mizani," alisema hatimaye. "Twende kwa mizani."

Letisia alikuwa na mizani moja chumbani kwake, ile bapa ya kupimia watu. Ya pili nilikwenda kuiazima kwa Benno, kijana anayepima watu uzito karibu na stendi. Alitaka kujua ya nini. Nikamwambia mume wangu ana ugomvi na mguu wake. Akanipa, ila kwa masharti niirudishe kabla ya saa kumi.

Niliporudi, Nathanieli hakupanda juu ya mizani. Kwanza alizikagua zote mbili! Aliniagiza kiroba cha unga cha kilo ishirini na tano, hakijafunguliwa. Akakiweka kwenye mizani ya Letisia, ikasema ishirini na tano. Akakiweka kwenye ya Benno, ikasema ishirini na sita.

"Mmeona?" alisema. Akazungusha kile kigurudumu cha pembeni mpaka ikasema ishirini na tano. "Sasa ziko sawa. Sitaki mtu aje kusema mizani ilikuwa mbovu."

"Nasi hatutaki," nikasema.

Tuliziweka sambamba mbele ya meza, kwenye sakafu iliyonyooka. Letisia alimshika mkono, akapanda, mguu mmoja kila mizani.

"Simama kawaida. Mikono iache meza, mama yuko hapa. Sasa weka uzito wote kulia, kama unavyofanyaga."

Nathanieli akapeleka kichwa kulia. Akapeleka bega kulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

"Mama, soma kushoto," Letisia akasema.

"Sitini na moja," nikasoma.

"Kulia ni tisa."

Nathanieli aliinamisha uso akazitazama zile mizani. Sitini na moja. Tisa. Aliziamini, kwa sababu alikuwa amezikagua mwenyewe.

"Kilo tisa," akanong'ona. "Uzito wa kuku watatu."

Kisha akapandwa na hasira, lakini safari hii hakunielekea mimi wala Letisia. Alilitazama goti lake la kushoto.

"Mguu huu nimeujazia lumbesa," alisema. "Miezi mitano. Mimi Nathanieli!"

Nilicheka. Nisameheni, nilicheka mpaka nikashika meza. Mtu aliyevunjika mguu kwa kugombana na lumbesa, ameifunga mwenyewe mwilini mwake na kuitembeza kwa magongo! Machozi yalinitoka, na si yote yalikuwa ya kucheka.

"Nyamaza, Mama Jenifa," akasema. "Tunapima."

Alijaribu tena. Letisia alimshika kiunoni pande zote mbili, akamwongoza. "Kichwa kibaki katikati. Sukuma kiuno. Goti lisikakamae." Sindano ya kulia ikaanza kupanda. Kumi na mbili. Kumi na tano. Nathanieli alitoka jasho, na upepo wote ule wa Makambako!

"Ishirini na nne!" Letisia akasema.

Ghafla Nathanieli akapaza sauti. "Ngoja! Kushoto ngapi?"

"Thelathini na nne," nikasema.

"Ishirini na nne na thelathini na nne ni hamsini na nane. Mimi ni kilo sabini. Kilo kumi na mbili ziko wapi? Nani kaziiba?"

Tulitazamana. Letisia akaelekeza kidole mezani. Mikono yote miwili ya Nathanieli ilikuwa imeikandamiza meza.

"Mikono yako, baba. Kilo kumi na mbili umeipa meza."

Aliitoa mikono kana kwamba meza imemwunguza. Tangu siku hiyo hakuna aliyelazimika kumkumbusha asiegemee. Kila mara alijumlisha. Ikipungua sabini, alijua kuna wizi, na mwizi ni yeye.

Nilidhani shida imekwisha. Letisia akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, unamharibu."

"Mimi?"

"Angalia benchi lake. Redio iko upande gani? Beseni? Kikombe? Magongo?"

Nikaangalia. Vyote vilikuwa kushoto. Nilivipanga mwenyewe, ili asihangaike.

"Hana haja ya kugeukia kulia hata siku moja," Letisia akasema. "Na akiita, unakimbia. Mwili wake umejifunza kwamba kulia hakuna kitu."

Nilichukia. Miezi mitano nakimbia na mabeseni, halafu naambiwa namharibu? Nilimjibu vibaya, nasema kweli. Lakini alipoondoka nilikaa nikalitazama lile benchi. Alikuwa amesema ukweli. Nikahamisha redio, nikaiweka kwenye kigoda upande wa kulia, hatua mbili mbele.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakoroga uji.

"Mama Jenifa! Redio iko mbali."

"Iko kulia," nikajibu, na sikutoka jikoni.

Nikasikia gongo, tap. Kisha nikasikia kandambili ikigusa sakafu, nzima nzima, siyo ncha ya kidole. Redio ikapandishwa sauti. Uji wangu siku hiyo haukuungua.

Mizani ya Benno tulikuwa tunaiazima kila Jumamosi. Wiki ya kwanza mguu wa kulia ulikaa na kilo ishirini. Wiki ya pili ishirini na sita. Ya tatu ulirudi ishirini na tatu, Nathanieli akataka kuzikagua upya mizani. Letisia alimwambia mguu hupanda na kushuka, asikate tamaa. Wiki ya tano miguu ilisoma thelathini na tano kwa thelathini na tano. Alikaa juu ya zile mizani dakika nzima, hataki kushuka. Uvimbe wa goti la kushoto nao ulikuwa unapungua.

Baada ya hapo Letisia alimwongezea zoezi. Nathanieli alihamisha uzito mbele na nyuma, mguu mmoja ukiwa umetangulia, kama mtu anayetaka kupiga hatua. Akaacha gongo moja, akabaki na moja. Hapo tena tukagombana, kwa sababu alilishika gongo kwa mkono wa kulia, upande wa mguu uliovunjika.

"Shika kwa mkono wa kushoto," Letisia alisema. "Gongo na mguu mbovu viende pamoja, lakini pande tofauti."

"Inaingia akilini kweli hiyo?"

"Jaribu yote mawili, baba."

Akajaribu yote mawili. Akahamishia gongo kushoto bila kusema neno. Kwa Nathanieli, huko ndiko kuomba radhi.

Mzee Methodi alikuja siku moja akamkuta juu ya mizani. "Mwenzangu," alisema kwa huzuni, "utaupasua. Baridi bado haijatoka."

"Panda hapa, Methodi," Nathanieli akamwambia. "Tukupime na wewe. Unaonekana una lumbesa upande mmoja."

Methodi hakupanda. Ila Jumamosi iliyofuata alimleta dada yake, Dainess, aliyefunguliwa hogo mwezi uliopita na aliyekuwa bado anabebwa. Letisia alianza kwa kumwomba karatasi ya hospitali.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Hatukulikodisha shamba. Tulikwenda Nyombo, Nathanieli na gongo lake moja. Nilimwambia akae kwenye kichuguu atusimamie tu. Alikaa dakika kumi. Nilipogeuka, gongo lilikuwa limelala kwenye majani, na yeye alikuwa kwenye mteremko na jembe, mguu wa kulia chini, wa kushoto juu. Alichimba tuta moja, akapumzika. Akachimba la pili. Sikumsifu, maana ukimsifu Nathanieli anafanya ujinga.

Mwezi wa tatu tukavuna. Lori likaja. Nilikuwa namwangalia mume wangu kila dakika, kwa sababu namjua. Alitundika mizani yake ya kuning'iniza kwenye mti, akaanza kupima. Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa nane mchana. Ndipo akainua macho akaona gunia moja juu ya lori. Lilikuwa limeota kichwa.

"Shusheni hilo," alisema.

"Mzee, tumeshapanga," kijana mmoja akajibu kutoka juu. "Liache tu."

"Baba Jenifa!" nikaita. "Sema ukiwa chini! Chini!"

Hakunisikia, au alinisikia. Alishika ubao wa lori kwa mikono miwili. Akanyanyua mguu wa kulia, akaukanyagisha kwenye kingazi. Kisha akapanda. Mguu wa kushoto ukaacha ardhi, ukaning'inia hewani, na mikono ikaachia ubao ikalielekea gunia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfokee. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule muundi wa kulia, ule uliokonda, ule wa kilo tisa. Ulikuwa umesimama peke yake, haukutetemeka. Nikajikuta nahesabu kimya kimya. Sabini. Zote sabini ziko kulia.

Nilimwacha asimame pale kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kama Letisia alivyotufundisha.

Kisha nikamfokea mpaka akashuka, na gunia likashushwa likapimwa chini.